Mimi, Mwenye Mahindi

Nianze kwa kusema wazi: shule sikusoma. Niliacha darasa la nne, na aliyeniachisha si mtu, ni njaa, wala sina kinyongo naye. Lakini muulize mtu yeyote wa pwani aliyekaa Houston miaka ile, kuanzia Gulfton mpaka bandarini, ni nani aliyekuwa na malori matatu ya rangi moja, yameoshwa, yanang'aa kama meno ya bwana harusi. Atakutajia mimi. Akikutajia mwingine, basi huyo hakukaa Houston, alipita tu.

Nilifika katikati ya miaka ya tisini na begi moja. Gulfton tulikaa wanaume watano kwenye apatimenti ya vyumba viwili, mmoja wao Mkongo wa Bukavu aliyesoma mpaka chuo kikuu. Yeye ndiye aliyenisomesha leseni ya trela. Kila asubuhi kabla ya kazi anasoma ukurasa kwa sauti, mimi nakariri, vile vile tulivyokariri juzuu chuoni kwa maalimu. Kitabu kizima nikakimeza. Nikapasi mara ya kwanza. Yeye aliyekuwa akisoma akafeli mara mbili.

"Mon frère, ndugu yangu," akaniambia, "mimi nilikuwa nasoma, wewe ulikuwa unakula."

Baada ya miaka michache ya kuendesha lori la mtu nikanunua langu, na kazi niliyoipata ndiyo iliyonipa jina. Nilikuwa nabeba magunia ya mahindi ya njano kutoka ghala kubwa nje ya mji mpaka bandarini. Magunia meupe, mstari wa buluu, na maandishi makubwa ya kusema kwamba hii ni zawadi ya watu wa Amerika. Mengi yalikuwa yanakwenda Afrika, na siku moja nikaambiwa shehena hii ni ya Kenya.

Sasa niambie wewe. Mtoto aliyeacha shule kwa njaa, leo anabeba chakula cha kwao kwa lori lake mwenyewe. Ningenyamaza? Nilivaa koti la suti juu ya suruali ya kazi, nikapanda juu ya magunia, mguu mmoja huku, mguu mmoja kule, mkono kiunoni, nikapigwa picha. Nyuma yake nikaandika kwa mkono wangu: "Haya ni mahindi yangu. Yanakuja Kenya." Nikaituma kwa dada yangu. Wala sikusema uongo. Mahindi yaliyo ndani ya lori langu ni yangu mpaka yashuke.

Dada yangu huyu ndiye aliyenilea mama alipofariki. Ni mkulima, bara ya Malindi, kule ambako mvua ikija huja kama mgeni aliyepotea njia. Aliitundika picha sebuleni, na kila aliyeingia alionyeshwa. Nilipompigia simu, nami nikaongeza chumvi kidogo. Nikamwambia meli haiondoki Houston mpaka mimi nifike. Ambayo nayo ni kweli, kama mzigo wake uko kwenye lori langu.

Miaka miwili ikapita. Kule kwetu ukaja mradi wa serikali ya Amerika kuwapa kina mama mbegu mpya za mahindi meupe, zinazovumilia mvua chache. Dada yangu na kikundi chake wakafundishwa kupanda kwa mistari, wakafundishwa kujenga ghala lenye miguu ili panya wasipande. Mwaka ule mvua ikashuka vizuri, na mbegu zikaonyesha ziliumbwa kwa nini. Dada akaniambia kwenye simu kwamba ghala limejaa hata paka hana pa kulala. Wafanyabiashara wa Mombasa walikuwa wameshakuja kuonja na kukubali, wamesema watarudi na malori.

Hawakurudi. Badala yao yalikuja mahindi ya njano, ya bure, yanagawiwa mbele ya ofisi ya chifu. Kumbe mtu fulani kwenye ofisi fulani aliandika kwamba eneo lile lina njaa. Na kweli ilikuwapo njaa, lakini ya mwaka juzi. Karatasi ilitembea polepole, meli nayo polepole, na njaa ya mwaka juzi ikapelekewa chakula mwaka wa neema. Nani atanunua mahindi na jirani anapewa bure?

Watu wakayatazama yale magunia. Meupe. Mstari wa buluu. Wakaenda sebuleni kwa dada yangu wakaitazama picha. Magunia yale yale, na mimi juu yake, mkono kiunoni.

Barua ilinifika Oktoba. Juu ya bahasha, chini ya jina langu, wameandika: MWENYE MAHINDI. Ndani mna alama za vidole gumba kama nyayo za kuku. Mke wangu, ambaye wakati ule alikuwa akifanya kazi ya kuwahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, aliisoma kwa sauti jikoni:

"Kwa heshima na taadhima, sisi kina mama wa kikundi tunakushukuru kwa ukarimu wako. Tunakuomba uyazuie mahindi yako mpaka tuuze yetu, kwa kuwa fukusi wameanza kuingia ghalani, na tumesikia meli yako nyingine iko karibu kuondoka. Ukipenda kutusaidia zaidi, tuletee mnunuzi."

Alicheka mpaka akaketi chini. "Mwenye Mahindi," akasema, "chai yako tayari. Au tuizuie mpaka uuze?"

Mimi sikucheka. Nilinunua kadi ya simu, nikampigia dada asubuhi ya huku, alasiri ya kule, kwenye duka tulilozoea kuongelea.

"Dada, yale mahindi si yangu hasa."

"Si yako? Na picha?"

"Nayabeba tu."

 Nikasikia mwenye duka akipima sukari.

"Sawa," akasema. "Hukuanza leo, tangu utoto ulikuwa hivyo. Ukitumwa maji unarudi unasema umechimba kisima. Basi aliyekubebesha ni nani?"

"Serikali ya huku."

"Na mbegu tumepewa na nani? Si serikali hiyo hiyo? Imenipa mbegu nilime, halafu imeniletea mahindi nisiuze. Hiyo ni nyumba gani, mume na mke hawasemezani?"

"Dada, serikali ni kubwa..."

"Nisikize, mwana wa mama. Ghala hili nikilifungua Januari nikikuta unga wa fukusi, mimi kulima basi. Nitakwenda Mombasa kwa mwanangu, nikae kwenye kochi niangalie televisheni mpaka nife. Wewe mdomo unao. Miaka yote unautumia kwa kujisifu. Hebu utumie kwa kazi mara moja."

Na dada yangu hatishi ovyo. Mwanamke ambaye jembe lake lilinisomesha hiyo miaka minne, akae kwenye kochi? Simu ilipokatika nilishika funguo za lori nikaenda bandarini.

Pale bandarini alikuwapo mkaguzi wa serikali, mzee wa kizungu mwenye buti za wachunga ng'ombe na sharubu za njano kwa tumbaku. Kazi yake ilikuwa kufungua gunia moja moja, kuchota, kunusa, na kuandika kwenye kijitabu. Tulikuwa tumesalimiana miaka mitatu na hatujawahi kuulizana lolote zaidi ya hali ya hewa.

"Bosi," nikamwambia, "meli hii inayofuata ya Kenya inashushia wapi?"

"Mimi naangalia kama ni kavu," akajibu. "Yanakokwenda ni ofisi nyingine."

"Ofisi ipi?"

Alifikiri mpaka nikamhurumia. "Unajua," akasema, "wewe ni mtu wa kwanza kuniuliza."

Nilimwambia habari za dada yangu. Akasikiliza, akatema tumbaku. Akasema pole, lakini yeye ni wa kukagua tu. Nikaona huyu si mtu mbaya. Ni mtu aliyewekwa kwenye chumba kimoja na hajawahi kuonyeshwa mlango wa cha pili.

Nikakumbuka dada alisema mbegu zililetwa na mama mmoja wa kizungu, mrefu, wa Texas, anayesema Kiswahili kama mtu wa Kilifi. Texas ni kubwa, lakini Wakenya wa Texas ni kijiji kimoja. Jumamosi iliyofuata Arlington palikuwa na sherehe ya binti aliyemaliza masomo ya unesi. Niliendesha saa nne kwenda kula nyama choma kwenye bustani na kuuliza. Sikumaliza hata mfupa wa kwanza.

"Mama Mbegu?" jamaa mmoja wa Machakos akaniambia. "Huyo si yule pale anageuza mbuzi?"

Alikuwa anakaa Fort Worth, anafundisha kilimo, na mara mbili kwa mwaka hutumwa Kenya na serikali. Alikuwa na aproni na koleo mkononi. Nilipomtajia kwetu, aliruka.

"Wewe ndiye Mwenye Mahindi!" akapaza sauti, bustani nzima ikageuka. "Picha yako nimeiona! Nimekunywa chai chini yake!"

Sijawahi kuona haya Amerika ila siku ile. Nikamweleza yote. Uso wake ukabadilika, akaliweka koleo chini. Hakuwa anajua. Mara ya mwisho kwenda ilikuwa kabla ya mavuno, alipoyaacha mahindi yakiwa kiunoni.

"Mimi nashughulika na mbegu," akasema taratibu. "Chakula cha msaada ni ofisi nyingine."

"Mama," nikamwambia, "hilo neno nimeshalisikia bandarini. Nyinyi mmoja yuko Fort Worth, mmoja yuko Houston, saa nne na nusu kwa gari, serikali moja, mahindi mamoja, na anayewajua nyote wawili ni dereva wa lori aliyeacha shule darasa la nne. Huoni aibu kwa niaba ya hiyo serikali?"

"Naona," akasema.

"Basi Idd iko karibu. Njoo ule kwangu."

Nilirudi nikamwalika na mkaguzi. Aliuliza kama kuna mbuzi. Nikamwambia kuna mbuzi mzima. Akasema atakuja.

Mke wangu alinitazama kwa jicho moja. "Unataka kuisuluhisha serikali ya Amerika kwa pilau?"

"Wewe tia viungo," nikasema. "Mengine niachie."

Sasa kwetu, asiyejua ajue, sikukuu hakuliwi kwa sahani. Mnakaa mkekani watu wanne au watano kwenye sinia moja. Na sinia lina adabu zake. Unakula kilicho mbele yako, huvuki mpaka ukachota kwa mwenzio. Nyama inakaa katikati, na hakuna anayejivutia mwenyewe: unakata, unamsogezea mwenzako, na yeye anakusogezea wewe. Mtu akila na watu wa sinia moja kwa nusu saa utajua tabia yake yote.

Siku ya Idd, baada ya sala, nyumba ikajaa. Wazanzibari, watu wa Lamu, Mkongo wangu wa Bukavu aliyekuja na mkewe moja kwa moja kutoka kanisani na bado amevaa tai. Kwenye sinia langu nikawaweka mkaguzi, Mama Mbegu, huyo Mkongo, na mimi. Mkaguzi aliposhuka mkekani magoti yake yalilia mpaka watoto wakacheka. Akavua buti, soksi moja ina tundu. Nikampenda zaidi.

Sikuwajulisha. Nilinyamaza, jambo ambalo wageni wangu wote wanaweza kushuhudia kuwa halijawahi kutokea tena.

"Unafanya kazi wapi, mama?" mkaguzi akauliza akitafuta pa kuanzia wali.

"Mbegu. Nazipeleka Kenya, kwa serikali."

"Serikali ipi?"

"Yetu."

"Mimi pia wa serikali," akasema, akafurahi. "Nakagua mahindi yanayokwenda Kenya."

Mkono wa yule mama ukasimama kati ya sinia na mdomo. "Kenya sehemu gani?"

Akajifuta, akatoa kijitabu mfukoni, ambamo tangu nimuulize alikuwa akinakili karatasi za shehena, akasoma jina la tarafa yetu kwa namna ambayo hata chifu wake asingeitambua. Mama akalirudia kama linavyosemwa. 

"Ndiko nilikopeleka mbegu," akasema. "Watu wale wamevuna. Wamevuna kuliko wakati wowote. Mahindi yao yako ghalani yanaliwa na wadudu kwa sababu yako."

"Si kwa sababu yangu! Yangu ni makavu!"

Mkongo akaniinamia sikioni. "Kaka, hii ndiyo wanaita mkutano wa kimataifa?"

Mkaguzi alikuwa amekuwa mwekundu. "Kaka yangu analima mahindi hayo," akasema. "Kaskazini ya Texas huko, Panhandle. Serikali isiponunua, nani atanunua?"

Hapo sikuweza kuendelea kunyamaza. "Na dada yangu analima," nikamwambia. "Yake nani atanunua?"

Tukabaki tunatazamana, ndugu wa wakulima wawili, na paja la mbuzi katikati yetu. Hakuna aliyekuwa mwizi. Kaka yake alikuwa na watoto, dada yangu alikuwa na ghala. Nilimwona yule mzee akinyoosha mkono kuvuka sinia zima achukue nyama iliyokuwa mbele ya Mama Mbegu.

Akapigwa kofi dogo la mkono. "Kula kilicho mbele yako," akaambiwa.

Nyumba nzima ikacheka, na mzee akacheka zaidi ya wote. Kisha yule mama akaikata ile nyama, akamsogezea kipande kizuri, na ndipo akasema neno ambalo mimi na darasa langu la nne nilikuwa nimelingojea tangu Oktoba.

"Sikuambii meli isiende," akasema. "Kaskazini kabisa ya Kenya, mpakani, mvua haikunyesha hata tone. Nimetoka kusoma ripoti yao. Watu wale wanayahitaji mahindi ya kaka yako leo, si kesho. Yapeleke kwa wenye njaa. Usiyapeleke kwa waliovuna. Nani anaandika yanakokwenda?"

"Kuna mwanamke," mkaguzi akasema. "Sijawahi kumwona. Naona saini yake tu."

"Yuko wapi?"

Akaona haya. "Nafikiri ghorofa ya juu yangu."

Mkongo aliangukia mgongo kwa kicheko, tai imeingia kwenye kachumbari.

Jumatatu mkaguzi alipanda ngazi. Aliniambia baadaye kwamba yule mwanamke alikuwa na maua mezani na hakuwahi kutembelewa na mtu wa chini. Mama Mbegu aliandika barua yenye habari za mavuno, picha za ghala, kila kitu, akaituma huko juu, na nyingine akaipeleka kwa shirika lililokuwa linapikia watoto wa shule uji kule kwetu. Kumbe wale walikuwa wakinunua unga kutoka mbali, wanaupita mlango wa dada yangu kila wiki.

Sitasema dunia ilinyooka. Magunia ya chini, fukusi walikuwa wameshayaonja, na kikundi kiliyatupa kwa kuku. Lakini karatasi ilibadilishwa kabla meli haijafunga milango, mahindi ya njano yakaenda kaskazini kwenye njaa ya kweli, na Januari dada yangu alipofungua ghala, lililokuwa limesimama nje ni gari la wapishi wa shule. Nilisikia kwenye simu kelele za kina mama nyuma yake.

"Kochi je?" nikamuuliza.

"Kochi lipi? Nina shamba la kutayarisha mimi." Kisha akasema, "Ile picha nimeigeuza."

"Umeigeuza vipi?"

"Nimeitundika kwa nyuma, watu wasome. Nimefuta 'mahindi yangu', nimeandika 'ameyabeba vizuri.'"

Hiyo ndiyo sifa kubwa niliyowahi kupewa na dada yangu, na nimeihesabu kuwa shahada. Tangu hapo, kila shehena nikifika bandarini nilimuuliza mkaguzi swali moja kabla ya hali ya hewa: huko yanakokwenda, mvua imenyesha? Mwanzoni alikuwa anacheka. Baadaye alikuwa na jibu tayari kwenye kijitabu.

Kilichobaki ni kimoja. Mwaka ule ule binamu yetu alisafiri kuja Houston, na dada akampa mfuko mdogo wa mahindi yake meupe, punje zenyewe, anioneshe mbegu imezaa nini. Nilikwenda kumpokea uwanja wa ndege. Abiria wote wakatoka, yeye hatoki. Mwishowe akafunguliwa mlango, kafuatana na afisa kijana wa forodha anayetafuta mtu wa kumtafsiria.

"Wamenichukulia mahindi ya dada," binamu akasema, karibu na kulia. "Wameyatia kwenye pipa."

Afisa alinieleza kwa heshima: nafaka kutoka nje haziruhusiwi kuingia, zinaweza kuwa na wadudu.

"Bwana," nikamwambia, "mimi nimepeleka kwao meli nzima nzima za mahindi ya kwenu. Wao wameleta mfuko mmoja, na mbegu yenyewe ni ya kwenu."

"Naelewa, bwana," akasema. "Lakini hayo ya meli ni ofisi nyingine."

Nilicheka mpaka watu wakageuka, na binamu yangu akadhani Amerika imenitoa akili. Nikamshika yule kijana bega, nikamuuliza kama anakula mbuzi, na kama magoti yake ni mazima, kwa sababu kwangu tunakaa chini.

Idd iliyofuata alikuja, na mkaguzi akamwonyesha mahali pa kuweka buti.